Mvua na Shamba Lako: Maneno kwa Wakulima wa Bunju

Maneno haya yalisemwa kwanza chini ya mwembe, mbele ya wakulima waliokuja na majembe yao. Sasa yamepigwa chapa ili nawe ambaye hukuwapo uyasome nyumbani, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Nitasema juu ya mvua. Pengine utajiuliza, je, kuna mkulima asiyeijua mvua? Nami nakujibu kwamba sote twaijua inaponyesha, lakini wachache wetu twaipima, na walio wachache zaidi twajua namna wataalamu wa hali ya hewa wanavyoichunguza kabla haijafika. Hayo ndiyo nitakayokueleza. Lakini kwanza nitasimulia kosa langu mwenyewe, kwa maana mwalimu asiyekiri kosa lake hafundishi vema.

KOSA LA BWANA SHAMBA

Mwaka mmoja, mwanzo wa vuli, mvua ilinyesha usiku mmoja tangu magharibi mpaka alfajiri. Kulipokucha udongo ulikuwa umelowa, vyura wanalia, na kila mtu ana furaha. Nilipita njiani nikawaambia watu, "Pandeni, msichelewe." Wengi walinisikia, wakapanda mahindi siku ile ile.

Mahindi yakaota vizuri. Kisha jua likawaka siku kumi, siku kumi na tano, na tone la maji halikuanguka. Miche ikajikunja kama majani ya chai, kisha ikakauka. Baada ya hapo bibi mmoja alinijia na punje za mahindi katika kiganja, akasema, "Bwana Shamba, mbegu yangu iliyobaki ndiyo hii. Nipande tena, au tule?"

Sikuwa na jibu. Sikujua mvua ile ya kwanza ilikuwa kiasi gani, wala sikujua wataalamu walitazamia nini juu ya msimu ule, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilitazama mawingu nikasema neno, na neno langu likamgharimu bibi yule mbegu yake. Tangu siku ile nimejifunza kuuliza na kupima. Nataka nawe ufanye hivyo.

KWA NINI TUNA MASIKA NA VULI

Sisi wa Dar es Salaam tuna misimu miwili ya mvua, kama wenzetu wa Pwani, Tanga, Kilimanjaro na pande za Ziwa Viktoria. Masika ni Machi mpaka Mei, na vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Ndugu zetu wa Dodoma, Mbeya, Ruvuma na Lindi wana msimu mmoja tu, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili au karibu na hapo.

Sababu yake ni safari ya jua. Jua linapowaka sana mahali, hewa huota moto, huwa nyepesi, hupanda juu, na hewa nyingine kutoka kusini na kaskazini hukimbilia kujaza nafasi yake. Pepo hizo mbili zinapokutana, mvuke hupanda, hupoa, hugeuka mawingu na mvua. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua, ukienda kaskazini na kurudi kusini kila mwaka. Sisi tuko katikati ya njia yake, basi hutupitia mara mbili. Wa kusini wako mwisho wa safari yake, basi kwao hukaa na kugeuka.

Wazee wetu wa pwani waliyajua mambo haya kwa njia yao. Walijua kaskazi inapovuma na kusi inapoanza, kwa maana vyombo vyao vilisafiri kwa pepo hizo. Tena walikuwa na mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, ambao siku zake huhesabiwa kumi kumi, nao wakulima na mabaharia waliufuata katika kupanda na kusafiri. Usidharau elimu hiyo. Hata leo wataalamu wa hali ya hewa hutoa taarifa ya kilimo ya kila siku kumi. Wazee na wataalamu wamekutana katika hesabu moja, kwa sababu siku kumi ni kipimo kinachomfaa mmea.

WANAOCHUNGUZA HEWA

Kazi ya kupima hewa katika nchi yetu si mpya. Mwaka 1929 ilianzishwa idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika kazi yake. Kwetu mwaka 1999 uliundwa wakala wa serikali wa kazi hiyo, na mwaka 2019 sheria mpya iliufanya kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Huko ndiko zinakotoka taarifa unazozisikia redioni.

Wanafanyaje kazi? Watu wengi hudhani kwamba hukaa wakatazama mawingu. Sivyo. Hebu nikueleze vyombo vyao, ili unaposikia taarifa ujue imetoka wapi.

Kwanza ni kipimo cha mvua. Ni chombo cha bati au shaba kinachopokea mvua, na kila siku saa tatu asubuhi mtu huenda kupima maji yaliyomo. Chombo hiki ni cha zamani kuliko vyote, wala hakijapata wa kukizidi. Nitarudi kwake, maana nawe waweza kuwa nacho.

Pili ni puto. Katika vituo maalumu duniani, puto kubwa lililojazwa gesi nyepesi huachwa lipande juu likiwa limebeba chombo kidogo chenye redio. Chombo hicho hupima joto, unyevu na mkandamizo wa hewa njiani, na kupeleka habari chini. Puto laweza kupita kilometa 30 kwenda juu, kisha hupasuka. Kazi hii hufanywa duniani kote kwa saa moja iliyopatanwa, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri na saa tisa usiku, ili hewa ya dunia nzima ipimwe kwa wakati mmoja. Afrika tuna vituo vichache vya namna hii, na hiyo ni sababu moja inayofanya utabiri wetu uwe mgumu kuliko wa Ulaya.

Tatu ni rada. Hurusha mawimbi ya redio hewani, na mawimbi hayo yakigonga matone ya mvua hurudi kama mwangwi. Kwa mwangwi huo mtaalamu hujua mvua iko wapi, ina nguvu gani na inakwenda upande gani. Rada zetu za kwanza zilijengwa Dar es Salaam na Mwanza, kisha Mtwara, na baadaye Mbeya na Kigoma. Rada ya Mwanza imesaidia sana wavuvi wa Ziwa Viktoria, ambao huuawa na dhoruba za usiku.

Nne ni setilaiti, macho yaliyo juu kabisa. Tangu mwaka 1977 setilaiti za Ulaya ziitwazo Meteosat zimekuwa zikipiga picha za mawingu ya Afrika. Mwisho wa mwaka 2022 ilirushwa ya kwanza ya aina mpya, ambayo huleta picha mpya kila baada ya dakika kumi.

Tena kuna kazi ya kuchunguza hewa yenyewe, si mvua tu. Jirani zetu wa Kenya wana kituo juu ya Mlima Kenya, kwenye kimo cha zaidi ya meta 3,600, kilichowekwa mwaka 1999. Huko hewa ni safi, mbali na moshi wa miji, na wataalamu hupima gesi zinazoongeza joto la dunia. Nairobi pia hurushwa maputo yenye kipimo cha ozoni. Ozoni iliyo juu sana hutukinga na mionzi mikali ya jua, bali ile iliyo karibu na ardhi, itokanayo na moshi wa magari na viwanda, huunguza majani ya mimea. Mkulima aliye kando ya mji mkubwa kama wetu yamhusu kulijua jambo hilo.

BAHARI NDIYO MPISHI

Sasa nitakueleza jambo ambalo wataalamu wamelichunguza sana miaka hii. Mvua yetu hupikwa baharini. Maji ya bahari yakipata joto kupita kawaida karibu nasi, mvuke huwa mwingi na vuli huwa kubwa. Yakipoa, vuli hukatika.

Habari ya El Niño umeisikia. Ni joto la ziada la maji katika bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi. Lakini mwaka 1999 wataalamu walieleza jambo jingine lililo karibu zaidi. Bahari yetu ya Hindi ni kama mizani. Pengine upande wa Afrika huwa na joto na upande wa Sumatra hupoa, na pengine hugeuka. Upande wetu ukiwa na joto, vuli huja na mafuriko.

Tazama ushahidi. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa kubwa mno Afrika Mashariki, hata Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya meta 2 kati ya mwaka ule na 1964. Mwaka ule hapakuwa na El Niño. Ilikuwa ni mizani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 vilikuja vyote viwili, nasi tunakumbuka barabara na madaraja yaliyokwenda na maji. Mwaka 2019 mizani ililalia tena upande wetu, na vuli ikawa kubwa. Mwaka 2023 vikaja tena vyote viwili. Mamlaka ilitoa tahadhari mapema juu ya mvua zile, nazo zikaja.

Kwa hiyo utabiri wa vuli una mguu wa kusimamia, maana joto la bahari hubadilika polepole, laweza kupimwa mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua. Kila mwaka, kabla ya msimu, wataalamu wa nchi za pembe hii ya Afrika hukutana na kulinganisha vipimo vyao, kazi iliyoanza mwaka 1998 chini ya kituo kilichoko Nairobi. Kisha kila nchi hutoa utabiri wake.

Masika ni kitendawili kigumu zaidi. Haifuati sana El Niño wala mizani ya Bahari ya Hindi. Watafiti walipolinganisha vipimo vya miaka mingi, waliona kwamba tangu miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki ilielekea kupungua, mara nyingi ikichelewa kuanza na kuwahi kwisha. Lakini hesabu za kompyuta zilisema kwamba dunia ikipata joto, masika ingeongezeka. Jambo hilo bado linachunguzwa. Nawe umeona mwenyewe kwamba pengine masika hurudi kwa kishindo, kama mwaka 2018, 2020 na 2024.

Utafiti huu wakufaa hivi: utabiri wa vuli uutegemee zaidi kuliko utabiri wa msimu wa masika. Wakati wa masika, tegemea zaidi taarifa za siku tano na siku kumi, na kipimo chako mwenyewe.

NAMNA YA KUSIKILIZA UTABIRI

Wengi hulalamika kwamba watu wa hali ya hewa ni waongo. Mara nyingi ni kwa sababu hatukusikia vizuri.

Wakisema "mvua za wastani", maana yake ni robo tatu ya kawaida mpaka kawaida na robo juu yake, yaani asilimia 75 mpaka 125 ya wastani wa miaka mingi. Chini ya hapo ni "chini ya wastani", na juu ya hapo ni "juu ya wastani". Wastani wa mwaka hapa Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya milimita 1,000, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi.

Tena utabiri wa msimu ni wa eneo kubwa, si wa shamba lako. Hukusudia jumla ya msimu, si mgawanyo wa siku. Msimu waweza kuwa wa wastani kwa jumla, lakini mvua yote ikanyesha kwa wiki tatu, kisha jua. Kwa mahindi huo si wastani, ni njaa.

Tatu, utabiri ni kama makisio ya mganga mwema anayesema, "Mara saba katika kumi, dalili hizi huleta homa hii." Zile mara tatu zilizobaki hakudanganya. Nawe usiweke mbegu yote, fedha yote na shamba lote juu ya neno moja. Gawanya.

Ziko pia taarifa za hatari, nazo zina daraja tatu: angalizo, ambalo ni rangi ya njano, tahadhari, rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa, rangi nyekundu. Ukisikia "mvua kubwa", maana yake ni zaidi ya milimita 50 kwa muda wa saa 24.

Milimita 50 ni nini? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba. Juu ya eka moja ni lita 4,000 na kidogo, yaani debe 200. Basi milimita 50 ni debe 10,000 zilizomwagwa katika eka yako kwa siku moja. Kama hukuchimba njia ya kuyapitisha maji hayo, yatajichimbia yenyewe.

YALIYOTUPATA

Hapa Bunju hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Desemba 2011, tarehe 20 mpaka 22, mvua kubwa ilipiga Dar es Salaam, ikapita milimita 150 kwa siku moja. Bonde la Msimbazi lilijaa, watu zaidi ya 40 wakafa, na nyumba nyingi zikazama. Mwanzoni mwa mwaka 2012 serikali iliwahamishia wengi wa waliopatwa na msiba huo Mabwepande, jirani zetu hawa. Baadhi yenu mnaosoma maneno haya mlikuja hapa kwa sababu ya siku zile tatu za mvua.

Kimbunga nacho si cha nchi za watu peke yake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja majahazi. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Mwaka 2021 Kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu kikafifia kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Safari hii watu walikuwa wameambiwa siku kadhaa kabla, na vyombo vya baharini vikazuiwa. Tazama tofauti: mwaka 1872 hapakuwa na mtu wa kuwaonya.

TENGENEZA KIPIMO CHAKO

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Nataka kila mkulima wa Bunju awe na kipimo cha mvua. Hakigharimu kitu.

1. Chukua kopo lililonyooka, ambalo mdomo na kitako vina upana mmoja, kama kopo la maziwa ya unga. Usitumie ndoo iliyopanuka juu, maana itakudanganya: hukusanya maji kwa mdomo mpana, na huyapima kwa kitako chembamba.

2. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba. Kama mwembe una urefu wa meta 5, kopo liwe umbali wa meta 10 au zaidi.

3. Lizungushie vijiti vitatu au vinne ili upepo usiliangushe. Mdomo wake uwe juu ya ardhi kiasi cha futi moja, maji ya ardhini yasirukie ndani.

4. Kila siku saa tatu asubuhi, tumbukiza rula ya shule mpaka chini, usome ni milimita ngapi. Kama rula ina nafasi kabla ya sifuri, ikate. Kisha mwaga maji, urudishe kopo.

5. Andika katika daftari: tarehe na milimita. Kama haikunyesha, andika sifuri. Usiache kuandika sifuri, maana siku za sifuri ndizo zinazoua mahindi.

Mpe mtoto wa shule kazi hii. Atajifunza hesabu, nawe utapata elimu ambayo hakuna mtaalamu awezaye kukupa, yaani mvua ya shamba lako mwenyewe. Umeona mara ngapi mvua ikinyesha Temeke na hapa Bunju pakawa pakavu? Kipimo cha uwanja wa ndege hakijui habari za shamba lako.

LINI UPANDE

Sasa naweza kumjibu yule bibi. Usipande kwa sababu vyura wamelia. Panda mambo haya matatu yanapotimia:

Kwanza, kopo lako limepata milimita 20 au zaidi kwa jumla ya siku moja, mbili au tatu mfululizo. Pili, ukichimba kwa jembe, udongo umelowa kwa kina cha shubiri moja. Tatu, taarifa ya siku tano au ya siku kumi haisemi kwamba mvua itakatika.

Hesabu ya milimita 20 hutumiwa na wataalamu wenyewe wanapotafuta mwanzo wa msimu. Nao huongeza sharti: baada ya hapo pasipite siku kumi za ukavu. Mkulima hawezi kujua siku kumi zijazo, lakini aweza kusikiliza na kujilinda. Jilinde hivi:

Weka akiba ya mbegu. Katika kila vibaba vitatu, kimoja kisiguswe mpaka miche ya kwanza ishike. Bibi yule alipanda karibu yote kwa neno langu. Usipande yote kwa neno la mtu yeyote.

Tazama aina ya udongo. Huku juu kwenye mchanga, maji huzama upesi na mmea huona kiu mapema. Chini mabondeni udongo ni mzito, hushika maji, lakini hujaa. Juu panda muhogo, kunde na mikorosho. Bondeni panda mpunga wakati wa masika, na mboga kwenye matuta yaliyoinuka.

Chagua mazao kwa urefu wa msimu. Vuli yetu mara nyingi haizidi siku 80 za mvua ya kufaa. Choroko huiva kwa siku 60 mpaka 75, na Katumani ni mahindi ya miezi mitatu hivi. TMV-1 hutaka siku 110 hivi, na Staha zaidi kidogo. Basi utabiri wa vuli ukisema chini ya wastani, usipande mahindi ya siku nyingi shamba zima. Panda choroko na kunde, na sehemu ndogo ya mahindi ya muda mfupi. Ya muda mrefu yangoje masika.

Muhogo ndio benki yako. Ukishika mizizi huvumilia jua. Lakini vijiti uvichukue kwenye shina lisilo na batobato wala michirizi ya kahawia, maana magonjwa hayo husambazwa na inzi weupe na kwa vijiti vyenye ugonjwa. Kabla ya kununua vijiti njiani, muulize Afisa Ugani wa kata habari za mbegu bora.

KAZI ZA SIKU KWA SIKU

Taarifa ya siku tano itumie kama mpishi atumiavyo saa. Ikisema mvua kubwa inakuja, usitie mbolea ya chumvichumvi, kwani itakwenda mtoni. Usinyunyize dawa, itaoshwa. Zibua mifereji, na uvune mchicha uliokomaa kabla haujalala chini. Ikisema siku kavu, anika makopa, palilia magugu ili yafe juani, na tandaza majani makavu shambani ili unyevu usipotee.

Na kama nyumba yako iko bondeni karibu na Mpiji au kijito kingine, usingoje maji yaingie mlangoni. Ukisikia tahadhari, peleka mbegu, daftari na watoto mahali pa juu. Mahindi hupandwa tena.

MWISHO

Ndugu msomaji, wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini dalili si mvua. Wataalamu wana maputo, rada na setilaiti, na kila mwaka wanajifunza zaidi juu ya bahari na hewa. Lakini wao hawaoni shamba lako, nawe huoni bahari ya Sumatra. Kila mmoja anacho ambacho mwenziwe hana. Taarifa yao na kopo lako zikikutana, ndipo utakapopanda kwa akili.

Baada ya msimu ule nilirudi kwa yule bibi nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akasema mbegu ile walikula. Msimu uliofuata nilimpelekea kopo na rula. Mjukuu wake ndiye anayepima, na mara mbili tatu nimekwenda kumwuliza yeye habari za mvua kabla ya kuwaambia wengine.

Basi leo hii, kabla jua halijatua, tafuta kopo lililonyooka. Kesho saa tatu asubuhi andika tarakimu ya kwanza, hata ikiwa ni sifuri. Na kabla ya kupanda, sikiliza taarifa, chimba udongo, tazama daftari.

Nakutakia mvua ya kufaa na mavuno mema.